Siku Tulipouficha Moshi

Nyumba za kampuni
Jumapili, 4 Mei

Dada yangu mpendwa,

Najua ulipopiga simu jana uliongea na pumzi zangu tu. Nisamehe. Mama alinishikiza simu sikioni, akanifinya bega, akasema, "Ongea naye, hakuli huyo," na maneno yote yakatawanyika kama kuku walioona mwewe. Unanijua. Nikiwa na kalamu mimi ni wakili. Nikishika simu nageuka kobe, jina ulilonipa mwenyewe. Basi nayaandika hapa yaliyonikwama.

Wanataka kuufunga mtambo wa umeme.

Kampuni imebandika tangazo getini. Baba alilisoma alipotoka zamu, akaja nalo kichwani, akaketi kula, akauliza chumvi iko wapi, na chumvi ilikuwa mbele ya sahani yake. Makaa ya mawe yamepitwa na wakati, wanasema. Sawa. Na waliokuwa wanayachoma, nao wamepitwa? Nyumba hii ni ya kampuni, Dada. Mtambo ukifungwa, nasi tunatolewa. Mama ameanza kulitazama kabati kwa jicho la kupima kama litapita mlangoni.

Watu wameunda kamati ya kuutetea. Mwenyekiti ni fundi cherehani wa njia panda, yule mwenye sauti ya kipaza. Mtambo haujawahi kumwajiri hata kwa siku moja, ila ovaroli zote anashona yeye. Serikali inaleta tume ikague kabla ya kuamua, na baadhi ya wageni hawaijui lugha yetu, kwa hiyo kamati inatafuta mtu wa kusoma maelezo kwa lugha ya shuleni. Fundi akamwambia Baba, "Si una binti anayesoma lugha mbili?" Baba akajibu, "Ninaye, lakini kwa zote mbili husema kwa nadra kama mvua ya mawe." Wakacheka. Mimi nikakubali kwa kichwa, maana kukataa kungehitaji kusema.

Iombee sauti yangu. Kifua chako je? Mama kila jioni anauliza lini utakuja kutuona, halafu anajijibu mwenyewe: "Hewa ikiwa nzuri."

Mdogo wako,
Kobe


Bweni la wauguzi
11 Mei

Kobe wangu,

Barua yako nimeisomea kantini. Hiyo mvua ya mawe imenichekesha mpaka chai ikanitokea puani. Kifua changu ni kizima. Tangu niondoke huko sijawahi kuamka natafuta hewa kama samaki sakafuni. Inhela yangu ya pumu imelala sandukuni chini ya soksi, na soksi ndizo ninazozivaa mara nyingi zaidi. Siwasemi vibaya. Nasema tu.

Mama bado anaanika nguo kwenye korido? Hapa watu wanaanika nje, na hawaangalii hata upepo unaelekea wapi. Nilipofika, kila nikitaka kutundika shuka nilikuwa nainua uso juu kwanza kutafuta moshi. Wenzangu wakadhani nasali.

Kuhusu tume, soma ulichopewa, ila usikubali mdomo wako ufanywe spika ya fundi cherehani. Na waulize swali moja kwa niaba yangu: viko wapi vichujio vya majivu vya boila nambari mbili, ambavyo Baba na wenzake wamekuwa wakiviomba tangu mimi niko darasa la tatu? Boila nambari moja lina vyake, halimsumbui mtu. Lile la pili ndilo linalotupaka masizi, na kila mwaka jibu ni "bajeti ijayo". Bajeti ijayo sasa imekuja na kufuli.

Nina jambo la kukuambia, lakini ngoja ziara ipite. Sitaki kukutia mchecheto.

Dada yako mwenye mdomo


Nyumbani
25 Mei

Dada,

Tumeshinda! Au karibu.

Acha niungame kwanza: wazo lilikuwa langu. Mama alikuwa anapanga sebule, eti huenda wageni wakapita, akakichukua kile kiti kilichovunjika mguu akakificha chumbani. Nikamwambia Baba kwa sauti ile yangu ya chini, "Na ninyi huko kazini mfiche kiti chenu."

"Kiti gani?"

"Nambari mbili."

Alinitazama kama mtu aliyesikia ukuta ukipiga chafya. Halafu akacheka. Kesho yake akamwambia msimamizi wa zamu, msimamizi akamwambia fundi cherehani, na fundi akasema Mungu huwapa wanyamavu akili kwa sababu hawaimwagi. Wakalishusha moto taratibu boila lile mpaka likanyamaza. Ili umeme usipungue tukaumbuka, msimamizi alimwomba rafiki yake wa kiwanda cha matofali asimamishe mashine siku hiyo. Vibarua wa matofali wakarudishwa nyumbani.

Dada, asubuhi ile! Anga lilikuwa tupu. Mke wa dereva, jirani yetu, alitoka na beseni, akatazama juu, akapiga kelele mtaa mzima: "Anikeni! Anikeni kabla hawajabadili mawazo!" Mashuka yakatoka kila nyumba. Mama naye akatoa yetu, akayabana kwa vibanio haraka haraka, kama mtu anayefanya jambo la wizi. Gari la tume likapita katikati ya weupe mtupu. Mkuu wao, mama mmoja mwenye miwani minene, akasema, "Kumbe hapa pasafi hivi?"

Fundi akadakia, "Mama, hapa hata vumbi linabisha hodi."

Baba alikuwa amevaa ovaroli iliyopigwa pasi. Ovaroli, Dada! Yenye mistari!

Mimi? Nilisimama, nikasoma sentensi tatu kwa lugha ya shuleni, ya nne ikanikaba. Fundi akanipokonya karatasi. Kwa kuwa lugha yenyewe haijui, akaendelea kwa lugha yetu, mara mbili ya sauti, kana kwamba wageni ni viziwi.

Swali lako sikuuliza. Ningeuliza vipi habari za vichujio, siku ambayo moshi haupo?

Kobe (karibu shujaa)


Bweni
1 Juni

Kobe,

Nimecheka kwa hilo vumbi linalobisha hodi. Halafu nikakaa kitako kitandani, viatu mguuni, na sijacheka tena.

Jambo nililotaka kukuambia ni hili. Tume ilipita hapa hospitalini kabla ya kuja kwenu. Walikuwa wanawatafuta watu waliokulia karibu na mtambo. Nilikwenda kwa miguu yangu. Niliwaeleza pumu yangu, jinsi Baba alivyokuwa ananibeba mgongoni hadi zahanati bado ana majivu kwenye nyusi, na korido yetu yenye nguo zisizoona jua. Sikuwaambia waufunge mtambo. Niliwaambia wailazimishe kampuni iweke vichujio. Nikasema, nendeni mkaone wenyewe, na asiyeona ataonja.

Wakaja. Wakaona mashuka meupe.

Karani wao amenipigia juzi. Unajua kaniuliza nini? "Dada, mbona kwenu hewa ni nzuri tu? Una ugomvi na wazazi?"

Ugomvi na wazazi! Kifua kilichonifukuza nyumbani leo kinaitwa uzushi, na walioninyang'anya ushahidi ni wale wale walionibeba mgongoni. Na wewe ndiye uliyetoa wazo.

Wodini kwetu hili tunaliona kila siku. Mgonjwa anasikia daktari anakuja, anajifuta jasho, anakaa wima, anasema hajambo kabisa. Daktari anamwandikia aende nyumbani. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wahenga walikuwa wameshafanya kazi wodini nadhani.

Mmemwambia daktari hamjambo, Kobe. Subirini cheti.

Dada yako


Nyumbani
22 Juni

Dada,

Hongera. Wanaufunga.

Walitukusanya kwenye ukumbi wa shule. Mama wa miwani alisema siku ya ukaguzi boila moja lilikuwa limezimwa na hakuna aliyekosa umeme, kwa hiyo mtambo huu ni ziada. Na kwa kuwa hewa ni safi, kampuni haina deni lolote kwa wakazi: ifunge, iondoke, kwaheri. Watu wa boila nambari mbili hata wasingoje kufungwa, kazi yao imeonekana haipo. Baba ni ziada. Mtu aliyerudi na nyusi nyeupe maisha yangu yote, ziada! Meneja wa kampuni alikuwa anatikisa kichwa kwa huzuni, tai yake haikusogea.

Wewe ulikuwa na haja gani ya kwenda kwao kimya kimya? Barua uliyoniandikia ilikuwa na nafasi ya soksi, ya chai, ya watu wanaosali kwa mashuka. Sentensi moja tu ungeniwekea: "Nimewaambia moshi upo." Nisingefungua mdomo kuhusu viti. Kwa mara ya kwanza maishani nimesema neno watu wakalisikiliza, na ndilo hilo.

Mimi ndiye mnyamavu katika nyumba hii. Wewe ulijifunzia wapi?

Usinijibu.


Nyumbani
29 Juni

Kwa binti yangu mkubwa,

Salamu sana. Baba yako si mtu wa kuandika, utanisamehe mwandiko, mkono huu umezoea gurudumu la vali ya boila.

Mdogo wako hali chakula, na akila ni kwa kumridhisha mama yake. Amenionyesha barua yako. Usimlaumu. Mtoto alisema neno la mtoto. Mwenye vali nilikuwa mimi.

Nikueleze tulipofika. Kuna kikao cha mapingamizi tarehe kumi na tisa mwezi ujao. Fundi cherehani anasema tukikiri kwamba tulilizima boila makusudi, tutaitwa waongo na hakuna atakayetusikiliza tena. Na tukinyamaza, sisi ni ziada. Tena kukiri ni kusema moshi upo, na tukisema moshi upo tumewapa sababu nyingine ya kutufunga. Nimegeuza huku na huku, kila upande una moto.

Siku ile mwanangu niliona fahari. Sikufikiri kwamba ninafuta maumivu yako. Nilifikiri nafagia uwanja mgeni asijikwae.

Wewe ndiye uliyeumia. Niambie nifanye nini. Ukisema ninyamaze nitanyamaza, ukisema niseme nitasema, hata nyumba iende.

Baba yako


Bweni
6 Julai

Baba, na wewe Kobe uliyeniambia nisijibu,

Baba, shikamoo. Barua yako nimeiweka chini ya mto.

Sitakuamulia kuhusu nyumba, si mimi ninayelala humo. Lakini naomba mtazame vizuri nani anafaidi ukimya wetu. Vichujio hamkuvikataa ninyi. Aliyevikataa amekaa mbele pale na tai yake, anawasikiliza mnavyogombana: fundi na Baba, mimi na Kobe, kazi na kifua. Mkisema kazi anasema moshi. Nikisema moshi anasema kazi. Kumbe vyote viwili ni deni lake! Angefunga vichujio, mimi ningekuwa nyumbani na Baba angekuwa na zamu. Miaka yote ametuuzia nusu ya uhai, na sasa anatuuliza tunataka nusu ipi.

Hilo ndilo linaloniwasha. Hasira yangu nilimpelekea Kobe kwa sababu yeye ana anwani.

Kobe, nilinyamaza kwa sababu niliogopa ungeniona adui wa ugali wenu. Ndivyo ilivyotokea vilevile, kwa kuchelewa. Kumbe unyamavu ni wa ukoo.

Semeni moshi. Na semeni kazi. Msikubali kuvitenganisha.

Dada


Nyumbani
20 Julai

Dada,

Bado sijakusamehe vizuri, lakini hakuna mwingine ninayeweza kumsimulia hili.

Jana ukumbini Fundi alizungumza wa kwanza, akaimba wimbo wake kwamba mtambo ni mama yetu. Meneja akasimama na kusema kwa upole uleule, "Tunawahurumia, ila takwimu za siku ya ukaguzi ziko wazi." Huo upole, Dada! Ulinipanda kichwani kama pilipili. Nikajikuta nimesimama. Sikuwa na karatasi.

Nikasema, "Boila lilizimwa kwa sababu linatoa moshi."

Nikaendelea kabla sijajisikia. Nilisema kwamba umeme haukupungua kwa sababu vibarua wa matofali walirudishwa nyumbani siku ile, waulizwe. Nilisema mashuka yetu huwa hayatoki nje. Nilisema dada yangu si mwongo, amefukuzwa na hewa, na hiyo hewa ina mwenyewe. Kisha nikayarudia yote kwa lugha ya shuleni, maana sikutaka mtu anitafsirie akayalainisha. Mdomo ulikuwa umeshaondoka bila mimi.

Fundi akanguruma, "Umetuuza, wewe mtoto!"

Mke wa dereva akamgeukia: "Kaa chini, fundi. Wewe unashona ovaroli, mimi ndiye ninayezifua."

Meneja akatabasamu. "Kwa hiyo mnakiri mlitudanganya?"

Nikamwambia, "Wewe hatukukudanganya. Wewe moshi unaujua, barua za kuomba vichujio zilikuja kwako. Tuliwaficha wageni aibu, na aibu yenyewe ni yako."

Hapo sauti ikakatika kama kawaida yake. Mama wa tume akavua miwani akauliza nani alizima.

Baba akasimama nyuma kabisa, kofia mkononi. "Mimi, mama."

"Kwa amri ya nani?"

"Kwa aibu, mama."

Hakuna aliyecheka. Tulirudi nyumbani kwa miguu mimi na yeye, akiwa amenishika mkono kama nina miaka mitano, na mimi nikamwachia.

Mtaani wengine hawatusalimu sasa. Sijui tumefanya nini, Dada. Najua tu sikuficha kiti.

Kobe


Nyumbani
14 Septemba

Dada yangu,

Tume ilirudi bila kubisha hodi. Walikuta maboila yote mawili yanawaka, na mama wa miwani alishuka garini na blauzi nyeupe akaondoka na ya kijivu. Wameifuta ripoti yao. Mtambo si ziada, Baba si ziada, na neno lako limewekwa mahali pake. Karani alisema atakupigia akuombe radhi. Akikupigia, usimpe urahisi. Wakaiamuru kampuni: endesheni, ila fungeni vichujio kwanza.

Mtaa ulipiga vigelegele. Fundi alikuja mlangoni na ovaroli mpya ya Baba, amedarizi jina lake kifuani, hakuomba msamaha lakini alikunywa chai na kusifia kiti.

Halafu kampuni ikajibu. Jibu lenyewe lilikuwa fupi kuliko tangazo la kwanza: kufunga mtambo ni nafuu kuliko kufunga vichujio.

Basi. Miaka yote hiyo tulikuwa tunabishana kama moshi upo au haupo, kama kazi zipo au hazipo, na wenzetu walikuwa na mizani yao pembeni ambayo sisi hatukuwahi kupandishwa. Kamati imekwenda mahakamani kudai haki za wafanyakazi na matibabu ya vifua vya watoto wa mtaa huu. Fundi amenifanya katibu. Naandika kwa lugha zote mbili, na kwa zote mbili nina hasira.

Siku ya mwisho walimwita Baba azime nambari mbili. Akakataa. Akasema, "Hili nimeshalizima mara moja kwa aibu. Mara hii aibu si yangu, aje mwenye aibu yake." Meneja hakujua vali iko wapi. Ilibidi walete mtu kutoka mbali.

Hewa ni safi, Dada. Safi mpaka inanikera. Jana Mama alitoa shuka kubwa la kitanda chako akalitundika nje, kisha akawa anatoka kila mara kulikagua. Lilipokauka alilishusha, akalinyoosha mbele ya jua, akaligeuza mbele na nyuma, kona kwa kona, kama mtu anayetafuta wa kumlaumu. Jeupe pepe. Akalikumbatia akalia, kisha akakitandika kitanda chako.

Kampuni inataka funguo za nyumba mwisho wa mwezi. Kabati, tumeshapima, halipiti mlangoni.

Njoo sasa. Inhela iache chini ya soksi. Njoo ulale nyumbani walau usiku mmoja, kabla hapajaacha kuwa nyumbani.

Mdogo wako